Nilitaka asilimia 25, jengo likanipa 8

Machi 2018 niliweka dola 24,000 juu ya meza ya ofisi moja ndogo ya Kampemba, hapa Lubumbashi, Congo. Ilikuwa akiba ya miaka kumi na mmoja ya kuvuka mpaka wa Kasumbalesa, kununua unga na mafuta ya kupikia upande wa Zambia na kuvileta soko la Mzee Kabila. Magoti yalikuwa yameanza kunisumbua. Nilitaka sehemu ya ile falanga ifanye kazi bila mimi kuamka saa tisa usiku.

Mradi ulikuwa hivi. Watu saba tutoe jumla ya dola 200,000. Msimamizi, fundi mwenye sifa mjini, ajenge fleti 8, zile tunaziita apartema, mtaa wa Golf, na azipangishe kwa wafanyakazi wa makampuni yanayohudumia migodi. Yeye achukue asilimia 10 ya pango kwa kazi ya kusimamia, sisi tugawane kinachobaki kulingana na mchango wa kila mmoja. Fungu langu lilikuwa asilimia 12.

Kabla hajanionyesha hesabu yoyote, aliniuliza, "Mama, unahitaji kiasi gani kwa mwezi?" Nikamwambia 500, kwa sababu watoto wawili walikuwa wanakaribia kuingia chuo kikuu na nilikuwa nimeshapiga hesabu ya ada zao. Akaandika kwenye karatasi: 24,000, asilimia 25, 6,000 kwa mwaka, 500 kwa mwezi. Machozi yalinilenga, nikaona ombi langu limejibiwa. Leo nikikumbuka swali lile najua kosa langu lilianzia hapo. Jengo la Golf halijui ada za watoto wangu. Linazaa kile wapangaji wanaweza kulipa, ukitoa kile linachokula lenyewe, basi. Lengo la faida nililitoa kwenye shida zangu, na yeye akalipokea tu na kulirudisha kwangu kwa maandishi.

Kulikuwa na sababu ya pili ya kuamini upesi. Kwenye biashara ya unga, mtaji wa dola 3,000 ulikuwa unaniletea kama 240 kwa safari, na safari ilichukua wiki tatu. Hiyo ni asilimia 8 kila wiki tatu. Kwa mtu aliyezoea hivyo, asilimia 25 kwa mwaka mzima ilionekana ndogo, hata nikajiona mwenye subira. Sikuelewa kwamba ndani ya zile 240 kulikuwa na mshahara wangu: kulala juu ya magunia, kubishana foleni ya mpakani, mvua ya Januari inayolowesha unga nusu ya gari. Falanga peke yake haikuwa inaleta 240. Ilikuwa inaletwa na falanga pamoja na mgongo wangu. Ukiondoa mgongo, kinachobaki ni kidogo sana, na hicho kidogo ndicho mtu aliyekaa nyumbani anaweza kudai.

Karatasi ya msimamizi nimeitunza mpaka leo. Inasema fleti 8 kwa dola 600, ni 4,800 kwa mwezi, ni 57,600 kwa mwaka. Toa asilimia 10 yake, inabaki 51,840. Gawa kwa 200,000, unapata karibu 26. Hakuna tarakimu ya uongo humo. Karatasi ile inaeleza jengo lililokwisha kwa wakati na kwa bei iliyopangwa, limejaa watu miezi yote kumi na miwili, halilipi kodi ya serikali, halina mlinzi, halina bomba linalovuja. Jengo la namna hiyo sijaliona Lubumbashi.

Ujenzi uliotakiwa kumalizika kwa miezi 12 ulichukua 26. Vyuma na saruji vilipanda. Ikabidi tuchimbe kisima kirefu na kununua pampu, maana mpangaji wa dola 500 hakubali kubeba madumu, na ikabidi tununue jenereta. Mwishoni mwa 2019 tuliitwa kuongeza dola 50,000. Fungu langu likawa 6,000, nikazitoa kwenye mtaji wa unga. Nilikasirika mno, lakini sikuwa na pa kutokea: nusu ya kuta ilikuwa imesimama, na mkataba haukusema chochote kuhusu gharama zikizidi. Katika miezi ile 26 sikupata hata senti moja, na ada za mkubwa nilizilipa kwa mkopo wa likelemba, kikundi chetu cha kuchangiana fedha kwa zamu. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba miezi ya kungoja nayo ni gharama, na kwamba inashusha faida hata jengo likija kulipa vizuri baadaye.

Wapangaji wa kwanza waliingia Mei 2020, katikati ya ile hali ya dharura ya korona. Mwezi Julai nikaitwa kuchukua gawio langu la kwanza: zaidi ya dola 1,400 kwa mkupuo. Nilinunua friji kubwa na nikawaambia ndugu zangu wote kwamba subira imezaa. Mwaka uliofuata wapangaji wawili wakahama na kudai garanti zao, fedha za dhamana walizoweka walipoingia, na ndipo tukajua gawio lile lilitoka wapi. Msimamizi alikuwa amekusanya garanti za miezi mitatu kwa fleti zote 8, kama dola 12,000, akatugawia kama faida. Garanti ni deni, mpangaji ameiweka kwetu aje aichukue siku anaondoka. Sheria ya mwisho wa 2015 kuhusu pango za makazi inaweka ukomo wa miezi mitatu, ingawa mjini wengi hudai zaidi, na kadiri unavyodai zaidi ndivyo deni linavyokuwa kubwa. Basi ukiona gawio la kwanza la jengo jipya ni nono, uliza kwa upole garanti ziko wapi, na uombe kuonyeshwa akaunti.

Baada ya hapo nilianza kuandika mwenyewe kwenye daftari la shule. Mwaka wa kawaida wa jengo letu uko hivi. Dola 600 hatukuzipata, soko lilitupa 500. Fleti 8 kwa miezi 12 ni 48,000. Miezi mitupu, ukiijumlisha kwa fleti zote, hufika kama 10, ondoa 5,000: inabaki 43,000. Kodi ya mapato ya pango katika miaka hiyo yote ilikuwa asilimia 22, na ilihesabiwa juu ya pango lote, hukuruhusiwa kutoa kwanza gharama zako: 9,460. Mpangaji akiwa kampuni, yeye mwenyewe alikata asilimia 20 na kuzipeleka kwenye mamlaka ya mapato ya jimbo, mwenye nyumba akamalizia 2. Asilimia 10 ya msimamizi ni 4,300. Mlinzi, mafuta ya jenereta, taa za nje, rangi, vitasa, mabomba: 450 kwa mwezi, 5,400 kwa mwaka. Akiba ya matengenezo makubwa, 3,000. Kinachobaki ni dola 20,840 juu ya 250,000 tulizotia. Ni asilimia 8.3. Fungu langu ni kama 2,500 kwa mwaka, dola 208 kwa mwezi.

Nilirudia hesabu ile mara nne usiku ule, nikidhani nimekosea mahali.

Aliyenisaidia kuielewa ni mdogo wangu anayeishi Dallas, Marekani. Nilimpigia kumlalamikia msimamizi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yaya, huyu muntu hakukuibia. Ni hesabu njo haikutimia. Na mimi nilifanya vilevile huku." Mwaka 2021 yeye na wenzake waliweka fedha kwenye jengo la mamia ya fleti linaloendeshwa na wataalamu, na yeye binafsi aliweka 50,000. Waliambiwa watapata faida ya kipaumbele ya asilimia 8 kila mwaka, na jengo likiuzwa baada ya miaka mitano, ukijumlisha yote, itafika 16 kwa mwaka. Alidhani kipaumbele maana yake ni uhakika. Maana yake ni foleni tu: faida ikipatikana, wenye mtaji wanafikishiwa 8 kabla msimamizi hajachukua mgawo wake. Isipopatikana, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Jengo lilinunuliwa kwa mkopo wa riba inayopanda na kushuka. Benki Kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba Machi 2022 kutoka karibu na sifuri, na kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya 5.25 na 5.50. Riba ya mkopo ikala pango. Magawio yakasimama 2023, na wakaitwa kuongeza fedha, kama sisi tulivyoitwa Golf.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuanza hesabu kutoka chini, si kutoka juu. Swali la kwanza ni hili: dola ikikaa mahali ambapo siwezi kuipoteza kirahisi, inaleta ngapi? Kwake ni hati za serikali ya Marekani za miaka 10, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, ambazo katika 2024 zilikuwa zinalipa asilimia 4 na kidogo. Juu ya hapo unaongeza, na kila unachoongeza lazima kiwe na sababu unayoweza kuitaja: sitaweza kutoa fedha yangu nikiihitaji, jengo linaweza kukaa tupu, msimamizi anaweza kukosea, kuna mkopo, ujenzi haujaanza. Ukimaliza kuongeza, hiyo ndiyo faida unayostahili kudai. Halafu unageuka na kuuliza swali la pili, gumu kuliko la kwanza: je, jengo hili lina uwezo wa kuilipa? Kama huitaki faida ambayo jengo linaweza, usiingie. Kama mtu anakuahidi faida ambayo jengo haliwezi, usiingie pia.

Hapa kwetu swali la kwanza lilinishtua. Serikali ya Congo nayo inauza hati za dola, na katika miaka ya 2023 na 2024 zilikuwa zinalipa karibu asilimia 9. Mimi nimechimba kisima, nimengoja miezi 26, nimegombana na watu sita, napata 8.3! Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Jibu nililofikia ni kwamba hati inarudisha dola zilezile, wakati kiwanja cha Golf kinabaki na pango linaweza kupandishwa. Na serikali yoyote ina hatari yake, wazee wetu walioshika noti za Zaire katika miaka ya 1990 wanaijua. Lakini kama ningekuwa na habari ile 2018, nisingeweka fedha zote 24,000 mahali pamoja. Hilo nalijutia kweli.

Mdogo wangu akanifundisha pia kuhesabu muda. Kutoka Machi 2018 hadi Machi 2025 ni miaka saba. Miezi 26 ya kwanza sifuri. Miezi 58 iliyofuata, kwa wastani wa 208, ni kama dola 12,060. Juu ya 30,000 zangu ni asilimia 40, na ukigawa kwa miaka saba unapata chini kidogo ya 6 kwa mwaka. Na dola yenyewe haikusimama. Bei za Marekani zilipanda kwa zaidi ya robo katika miaka hiyohiyo, na Juni 2022 peke yake mfumuko ulifika asilimia 9.1. Sisi huku tunaishi kwa dola kama wao. Ukitoa hilo, nguvu ya kununua iliyoongezeka kwangu ni kama asilimia 2 kwa mwaka. Sihesabu bei ya jengo, kwa sababu Lubumbashi bei unayoambiwa na komisioneri, yaani dalali wa nyumba, ni bei anayoitamani muuzaji. Bei ya kweli niliijua 2023, mwenzetu mmoja alipougua na kutaka kutoka. Fungu lake lilikuwa limemgharimu 25,000. Alitafuta mnunuzi miezi minane, akauza 21,000. Tangu hapo nikiangalia mradi, nauliza mtu akitaka kutoka anatokaje, na nani atampa bei.

Kuhusu hati ya ardhi, nisingependa mtu apite haraka hapa. Sisi saba tulikuwa na risiti tu. Hati ya usajili ilikuwa kwa jina la msimamizi peke yake, na hatukujua mpaka 2021. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, udongo ni mali ya taifa, sisi tunapewa haki ya kuutumia, na hati hiyo ikishatimiza miaka miwili haiwezi kupingwa tena, unabaki kudai fidia tu. Yeye angekufa, tungekuwa tunazungumza na warithi wake. Namshukuru kwamba alikubali kurekebisha. Tulifungua kampuni ndogo ya wanahisa, ile inayoitwa SARL, chini ya sheria za OHADA, sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, ambazo nchi yetu imezifuata tangu 2012, jengo likaingizwa humo na kila mmoja akaandikiwa hisa zake. Mwanasheria, mthibitishaji na ada za serikali vilitugharimu jumla ya dola 7,400, na miezi kumi na minne ya kwenda na kurudi. Kama tungefanya hivyo mwanzoni tungelipa nusu. Hakuna asilimia inayofidia hati isiyo na jina lako.

Jambo jingine ni migodi. Wapangaji wetu wanaishi kwa shaba na kobalti, hata kama hawajawahi kushika jiwe. Mwisho wa 2019 mgodi wa Mutanda, karibu na Kolwezi, ulisimamishwa bei ya kobalti ilipoanguka, na haukuanza tena mpaka 2021. Februari 2025 serikali ikazuia kobalti kusafirishwa nje, na katika miezi iliyofuata fleti tatu kati ya 8 zikabaki tupu, mikataba ya wale vijana ilikwisha. Kwa hiyo daftari langu lina ukurasa wa mwaka mbaya: miezi mitupu 30 badala ya 10. Pango linashuka hadi 33,000, na ukishatoa kodi, msimamizi, gharama na akiba, inabaki 14,040. Ni asilimia 5.6. Bajeti ya nyumbani kwangu sasa naipanga kwa ukurasa huo. Mwaka mzuri ukija, ziada naipeleka kwenye akiba.

Lengo langu la sasa ni hili. Jengo lililosimama, lenye watu na hati safi, nikilipwa asilimia 7 hadi 9 baada ya kila kitu naridhika. Jengo ambalo bado ni kiwanja na michoro, nataka hesabu inayofika 12 angalau, iliyopigwa kwa miezi mitupu na ujenzi uliochelewa mwaka mmoja, na sitii zaidi ya robo ya akiba yangu. Nikiahidiwa juu ya 15 bila mimi kufanya kazi, naomba daftari la benki la miaka miwili la jengo jingine ambalo mtu huyo anasimamia. Nimeomba mara tatu, nikaletewa mara moja. Mdogo wangu naye amehamishia sehemu ya fedha kwenye yale makampuni ya majengo yanayouzwa kwenye soko la hisa la Marekani, yaliyoanzishwa kwa sheria ya 1960 na yanayolazimika kugawa asilimia 90 ya mapato yanayotozwa kodi. Anaweza kuuza siku yoyote. Lakini mwaka 2022 hisa hizo zilishuka kwa kama robo, na alinipigia simu usiku akiwa na sauti ileile niliyokuwa nayo mimi.

Wiki mbili zilizopita binti wa mdogo wangu wa kike alikuja na karatasi. "Mama mukubwa, wanasema asilimia 24." Ana dola 9,000, malipo ya mwisho ya kazi ya marehemu mume wake. Sikumkataza. Nilitoa daftari, tukajaza mistari pamoja: pango ambalo majirani wanalipa kweli, miezi mitupu, kodi ya serikali, msimamizi, mlinzi, akiba. Tulipofika chini ilikuwa 7 na kidogo. Aliitazama muda mrefu, halafu akauliza hati iko kwa jina la nani. Yule bwana alimjibu kwenye simu kwamba hilo wataliongea baadaye. Binti akakunja karatasi yake. Kwa sasa 9,000 ziko benki, na mimi na yeye tunaenda Jumamosi kuangalia jengo la vyumba vinne huko Makutano ambalo lina wapangaji tayari.

Sisi wa Golf tuna mkutano mwezi ujao. Pampu ya kisima iliungua 2022, ikatugharimu dola 1,900, na robo mwaka ile hatukugawana kitu. Nitaomba akiba ipande kutoka 250 hadi 400 kwa mwezi, kwa sababu pampu mpya imeanza kupiga kelele ileile.